Muswada wa Programu za Kugawana Mafaili: Tusome Kwanza Kifungu cha Tafsiri

Wahadhiri wenzangu, wanafunzi wa kompyuta na wa sheria, na ninyi wanakwaya mliotoka Uyole na Mwanjelwa, asanteni kwa kuja na baridi hii ya Mbeya.

Kuhusu muswada wa kupiga marufuku programu za kugawana mafaili, kama utaletwa kwetu, msimamo wangu nautoa mapema: sheria imshike anayesambaza kazi ya mtu bila ruhusa. Aliyeandika programu aachwe, isipokuwa kama aliinadi kwa kazi hiyohiyo ya wizi.

Kwa wasio wa fani, programu hizi hazitegemei ghala moja. Katika BitTorrent, aliyoibuni Bram Cohen mwaka 2001, faili hukatwa vipande. Unapokea kimoja kutoka Makambako, kingine Nairobi, huku nawe ukiwapa wengine ulivyokwisha pata. Bando likikatika, unaendelea ulipoishia. Mwanafunzi anayepakua Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kwa intaneti ya kusuasua anajua thamani ya jambo hilo. Napster, programu ya kugawana muziki iliyoanza 1999, ilikuwa na orodha ya mafaili kwenye seva zake, ndiyo maana amri ya mahakama iliweza kuizima mwaka 2001. Waliofuata hawakuweka orodha mahali pamoja.

Hapo wabunge wa Marekani wakaigeukia teknolojia yenyewe. Mwaka 2002 Howard Berman alipeleka muswada wa kuwaruhusu wenye hakimiliki kuivuruga mitandao hiyo wenyewe, yaani kujichukulia sheria mkononi kwa kibali cha Bunge! Mwaka 2004 Seneta Orrin Hatch akaleta wa kumwajibisha yeyote anayeshawishi ukiukaji. Tukae hapa kidogo. Ushawishi ulitafsiriwa kwa upana mno, hata watengenezaji wa vicheza muziki vya mfukoni wakaogopa kushtakiwa. Miswada yote miwili haikupita. Mwaka 2005, katika shauri la kampuni ya filamu ya MGM dhidi ya Grokster, waliosambaza programu ya kugawana mafaili, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikachora mstari mwembamba zaidi: anawajibika anayesambaza kifaa kwa lengo la kuchochea ukiukaji, lengo linaloonekana katika kauli na matendo yake. Mimi naukubali mstari huo.

Ufaransa nayo ilitunga sheria mwaka 2009 ya kumkatia intaneti mkiukaji sugu. Adhabu hiyo ikaondolewa 2013.

Je, sisi tumepungukiwa adhabu? Hapana. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamtoza mkiukaji asiyefanya biashara faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Anayefanya biashara ni milioni 20 au miaka 5. Tulichopungukiwa ni kuwafikia wanaojaza nyimbo za kwaya kwenye flashi na memori kadi, kwa malipo, pale stendi. Mtu huyo hahitaji BitTorrent hata siku moja. Muswada wa kupiga marufuku programu utampita, umwangukie mwanafunzi wa Debian.

Kwa hiyo muswada wa namna hii ukifika Dodoma na wadau wakaitwa kutoa maoni, fungueni kifungu cha tafsiri, kile kinachoeleza maana ya maneno, kabla ya adhabu. Kikisema "programu yoyote inayowezesha kugawana mafaili", hata Bluetooth ya simu yako imo. Daini neno "nia" liandikwe, na mzigo wa kuithibitisha ubaki kwa mlalamikaji.

Nanyi wanakwaya, sajilini kazi zenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Hakimiliki mnayo hata bila usajili, lakini mbele ya hakimu cheti kinasaidia kuthibitisha kwamba wimbo ni wenu. Karibuni maswali, na ningependa wanakwaya waanze.