Kutuma Si Kufikisha
(Mhadhara kwa vijana wanaoandika programu, Lamu)

Asalaam alaykum. Wazee shikamooni, vijana hamjambo. Nimepewa muda mpaka adhana ya alasiri, kwa hiyo sitazunguka.

Niliwahi kuandika programu ya kusajili samaki kwa kikundi kimoja cha wavuvi kisiwani Pate. Karani anapima, anaandika kwenye simu, simu inapeleka rekodi kwa seva. Nikaweka sharti ambalo naamini nusu yenu mngeliweka: jibu lisipokuja ndani ya sekunde 5, funga muunganisho, fungua mwingine, tuma upya. Kwenye meza yangu ilifanya kazi vizuri sana. Ulipoingia msimu wa kusi na mtandao ukaanza kuyumba, mvuvi aliyeleta kilo 14 za pweza akaandikiwa 42. Yeye hakulalamika. Mweka hazina ndiye aliyenipigia simu usiku.

Simu ilikuwa imetuma mara tatu, na mara zote tatu rekodi ilikuwa imefika. Jibu ndilo lililochelewa njiani.

Mimi nilidhani naisaidia TCP, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata kufikishiana data mtandaoni, kumbe naifanyia kazi ambayo tayari inaifanya, tena vizuri kuliko mimi. Tuitazame kidogo. TCP hutia namba kila baiti, yaani kipande cha data cha ukubwa wa herufi moja, na mpokeaji hurudisha stakabadhi inayosema "nangoja baiti namba fulani". Mtumaji hatupi nakala yake mpaka aione stakabadhi. Chukua mfano wa magunia: mpokeaji amepata la 7, la 8 na la 9, lakini la 6 halionekani. Kwa kila gunia linaloingia atarudia neno lilelile, "nangoja la 6". Marudio ya tatu yakimfikia mtumaji, hulituma la 6 papo hapo. Na kama hakuna stakabadhi yoyote inayorudi, huisubiri saa yake ya kungojea iishe, kisha hutuma upya.

Hiyo saa ndiyo yenye elimu. Uiweke fupi, utatuma nakala za vitu ambavyo bado viko njiani. Uiweke ndefu, mtu atakaa akitazama skrini. TCP huchukua wastani wa muda wa kwenda na kurudi, ikaongeza mara nne ya kiasi ambacho muda huo unayumba. Kabla haijapima chochote huanza na sekunde 1, ndivyo ilivyopendekezwa tangu 2011, na kila saa ikiisha bila jibu, kungoja kunakofuata huwa maradufu. Hapa kuna ujanja mmoja ninaoupenda, wa Phil Karn, mhandisi wa mitandao. Umetuma pakiti, yaani kifurushi cha data, ukaituma tena, kisha stakabadhi imekuja. Ni ya ile ya kwanza au ya pili? Huwezi kujua. Basi Karn akasema: pakiti iliyorudiwa usiitumie kupimia muda. Kwisha. Mtu anayejua asichokijua, hesabu yake haiharibiki.

Mnaweza kuuliza, uangalifu wote huu wa nini? Mwezi wa Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley huko Marekani, umbali wa yadi 400 tu, kasi ya mtandao ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Herufi moja ni biti nane, kwa hiyo biti 40 ni herufi tano. Mtu angeandika barua kwa mkono, akaipeleka kwa miguu, akarudi, akanywa na kahawa. Nyaya zilikuwa nzima. Kompyuta zilikuwa zikituma upya vitu ambavyo havijapotea, zikaijaza njia, njia ikijaa vikapotea vingine, navyo vikatumwa upya. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alieleza dawa yake mwaka 1988: pakiti ikipotea, chukulia kwamba njia imesongamana, punguza mwendo.

Dhana hiyo, kwetu sisi tulio visiwani, ina ila yake. Mawimbi ya redio yakivuka bahari, mengine hugonga maji na kurudi, yakakutana na yale yaliyonyooka. Maji yanapojaa na kupwa, makutano hayo hubadilika, na ishara hupanda na kushuka. Pakiti hupotea bila msongamano wowote, lakini TCP ya kawaida hupunguza mwendo vilevile. Mara nyingine ukiona intaneti inakokota wakati wa bamvua, usikimbilie kulaumu kodi ya programu yako.

Turudi kwenye kodi. Unapoita send, amri ya kutuma, kwenye soketi, yaani mlango wa programu kuingia mtandaoni, na ikarudisha jibu zuri, umepewa habari moja tu: keneli, ule moyo wa mfumo wa simu yako, imezipokea baiti na kuziweka kwenye bafa, ghala lake la muda. Na hata hapo, huenda imepokea 3,000 kati ya 8,000 ulizoipa, na zilizobaki ni juu yako kuzunguka na kuzitoa tena. (Kosa hili nimelikuta kwenye kodi za watu wazima kabisa.) Ukimpa nahodha hapa gatini barua ya shangazi yako aliye Faza, akaipokea kwa mkono wa kulia na tabasamu, shangazi hajaisoma. Wala stakabadhi ya TCP haisemi kwamba ameisoma. Stakabadhi hutolewa na keneli ya upande wa pili, si na programu. Barua imefika barazani. Shangazi pengine amelala, pengine nyumba inaungua.

Na nahodha akipotea baharini, huambiwi upesi. Linux, mfumo endeshi wa seva na simu nyingi, ikiachwa ilivyo itarudia mara 15, jumla yake ni kama sekunde 924, robo saa na ushei, ndipo ikupe ETIMEDOUT, yaani kosa la muda kwisha. Kwa muda wote huo send yako inaweza kuendelea kusema sawa, sawa, mpaka bafa ijae. Kama hutaki kungoja hivyo, iko TCP_USER_TIMEOUT, unaitajia muda wako mwenyewe. Muunganisho uliokaa kimya ndio mbaya zaidi: ukiwasha uchunguzi wa uhai, yaani TCP kuuliza kama upande wa pili bado upo, kwa kawaida huanza baada ya kimya cha muda wa saa 2. Muda huo ukipita, karani wa samaki ameshafika nyumbani.

Basi nilirekebisha vipi? Niliacha kuuliza "imetumwa?" nikauliza "imeandikwa?" Kila rekodi ikapata namba yake ya pekee. Seva ikiandika kwenye hifadhidata, hurudisha namba hiyo, na hapo tu ndipo simu huweka alama ya kumaliza. Namba ikija mara ya pili, seva haiandiki tena, inarudisha jibu lilelile. Kungoja kati ya majaribio nikakufanya maradufu, na juu yake nikaongeza sekunde za bahati nasibu, kwa sababu mtandao ukirudi baada ya kukatika simu zote huamka pamoja, zikaivamia seva kama watu wanaogombania boti ya mwisho ya Mokowe.

Naam, kijana wa nyuma. Anauliza: simu ikizima baada ya kutuma, kabla jibu halijaja?

Swali zuri, nalo linanilazimisha kutoa siri. Namba itungwe na ihifadhiwe kwenye simu pamoja na rekodi kabla ya jaribio la kwanza, ili simu ikiwaka iulize kwa namba ileile. Mimi mara ya kwanza niliitunga ndani ya mzunguko wa kujaribu. Kila jaribio likaenda na namba mpya, seva ikaziona ni rekodi tatu tofauti. Pweza wakawa kilo 42 tena, na mweka hazina safari hii hakupiga simu, alikuja mwenyewe.