Dibaji ya Utenzi: Je, Turuke Beti za Mwanzo?

JUMA: Karibu tena, msikilizaji. Niko na dada Salma, na leo tunaingia kwenye dibaji ya utenzi. Nazungumzia zile beti za mwanzo ambapo mtunzi anamtaja Mungu, anamsalia Mtume, anaagiza wino na karatasi, halafu ndipo anashika kisa chenyewe. Dada, nianze na hoja ya vijana. Wanasema beti hizo zinafanana mno, heri uziruke.

SALMA: Ahsante, kaka Juma. Kufanana zinafanana. Bwana Mwengo aliyetunga Utenzi wa Tambuka kule kisiwani Pate, mwaka 1728, anafungua kwa Bismillahi, na wengi waliomfuata wakafungua vivyo hivyo. Mwislamu haanzi jambo la maana bila jina la Mola wake. Ila mtunzi hodari, ndani ya ada hiyo hiyo, anapenyeza jambo lake. Tumtazame Mwana Kupona binti Mshamu, mama aliyemtungia bintiye Utenzi wa Mwana Kupona, maana yeye ndiye anayesomwa sana na ndiye anayekatwa sana.

JUMA: Anakatwa vipi?

SALMA: Watu wanaanzia pale "La kwanda kamata dini", yaani la kwanza, shika dini. Kuanzia hapo ni mawaidha: shika dini, uwe na adabu, mtunze mume, mambo ya nyumba. Akisikia hayo tu, mtu wa leo anasema, "Huyu mama mkali, kazi yake kuamrisha." Sasa rudi nyuma kwenye dibaji uone ni nani anayesema.

JUMA: Tusomee, dada.

SALMA: Ubeti wa kwanza anaita, "Negema wangu binti", yaani nisogelee, binti yangu. Wa pili huu hapa:

Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia.

Mwaka mzima mama amelala kitandani na hajapata kumwambia mwanawe neno jema. Ni mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka, aliyekuwa mtawala wa mji wa Siu, huko huko Pate, ameshafariki. Binti mwenyewe, Mwana Hashima, bado msichana. Mama anajua hana muda, na kweli hakuishi miaka mingi baada ya hapo.

JUMA: Kwa hiyo yale mawaidha ni wosia wa mgonjwa.

SALMA: Wosia, naam, na neno hilo analitaja mwenyewe pale pale mwanzo: "upulike wasiati", yaani usikilize wosia. Ukikata dibaji umemwondoa mgonjwa chumbani, umebaki na amri zisizo na mwenyewe. Mimi hili linaniuma, kwa sababu wapo wanaomhukumu Mwana Kupona kwa beti za katikati na hawajawahi kumsikia akimwita mwanawe.

JUMA: Hebu nikuulize. Umesema ada ni kufungua kwa Bismillahi. Mbona yeye ameanza na binti?

SALMA: Hapo ndipo penye ufundi wake! Sikiliza ubeti wa tatu na wa nne vikifuatana:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia.

Kisake kutakarabu
Bismillahi kutubu
umtaye na Habibu
na sahabaze pamoya.

Anasema: njoo mbele ukae, njoo na wino na karatasi. Ukishasogea, andika Bismillahi, umtaje Mtume na masahaba zake. Ada yote imo, wino umo, jina la Mola limo, sala ya Mtume imo. Isipokuwa anayeandika ni binti. Mama anatamka, mwana anashika kalamu.

JUMA: Subhanallah. Yaani hata ile Bismillahi ni somo la kwanza analompa.

SALMA: Ndiyo. Kabla hajafika "La kwanda", mtoto ameshafundishwa namna ya kuanza jambo. Na ona pia, binti wa Kiislamu wa Siu, katikati ya karne ya 19, anaambiwa njoo na karatasi. Mama anayemwambia hivyo anajua mwanawe ataandika. Wanaosema wanawake wa pwani hawakuwa na elimu wangesoma ubeti huu mmoja tu.

JUMA: Nakumbuka baadaye kidogo kuna hirizi.

SALMA: Eeh, "Twaa nikupe hirizi, uifungeto kwa uzi", yaani chukua hirizi, uifunge vizuri kwa uzi. Halafu anaahidi kumtungia kidani cha lulu na marijani. Anamwambia maneno yatakayokuja ni pambo na ni kinga. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir naye, katika shairi lake Al-Inkishafi, anasema kwenye dibaji kwamba anatunga koja, yaani mkufu, la lulu, na hapo hapo anaupa utunzi wake jina na kuomba umwondolee kiza cha dhambi. Lulu zile zile, haja mbalimbali: Sayyid anaiambia nafsi yake, Mwana Kupona anamvika mwanawe.

JUMA: Mimi bado nina shaka kidogo, dada. Dibaji ya Mwana Kupona ni fupi na ina moto. Lakini zipo tenzi ambazo mtunzi anazunguka kwenye sifa na wino mpaka msikilizaji anachoka.

SALMA: Zipo, na nyingine kweli zimeandikwa kwa mazoea. Ila kumbuka zilighaniwa mbele ya watu. Wakati beti za mwanzo zinapita, watu wanakaa, watoto wananyamazishwa, sikio linazoea mizani minane, yaani silabi nane kila mstari, na kile kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti. Hata leo kwenye hotuba Tanzania utasikia "itifaki imezingatiwa", maana bila hiyo mzungumzaji angetaja wakubwa wote mmoja mmoja. Mwanzo una shughuli yake, ila ukizidi unakera.

JUMA: Tumalizie na ujumbe wa msikilizaji. Anatunga utenzi kuhusu uvuvi, anauliza kama lazima atie dibaji.

SALMA: Atie, ila ajiulize kwanza anamwambia nani. Kama ni mdogo wake anayetaka kwenda baharini, amwite huyo mdogo kwenye ubeti wa kwanza. Bismillahi asiiache, na salamu za Mtume kama ni Mwislamu. Wino na karatasi aviache kama utenzi ataurekodi kwenye simu. Aseme anachokishika kweli. Na beti zisizidi kumi kabla mashua haijatoka.

JUMA: Kumi nyingi! Mimi ningempa sita.

SALMA: Mwana Kupona alichukua zaidi ya kumi kabla ya "La kwanda", kaka. Mwache kijana atunge, halafu atuletee tumsikie.