Kikombe Kimevunjika

Mwenyekiti, walimu wa michezo, makocha wenzangu, na nyinyi vijana mliojazana kule nyuma mkidhani sijawaona: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Nianze na kikombe. Mtoto yuko jikoni, unasikia mlio. Unauliza, kuna nini huko? Anajibu: "Mama, kikombe kimevunjika." (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu sote tumewahi kusema hivyo. Hajasema amekivunja. Kikombe kimevunjika chenyewe, kimechoka na maisha. Walimu wa Kiswahili huiita kauli ya kutendeka. Tendo lipo, vigae vipo sakafuni, mtendaji hayupo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kocha anavyosimama mbele ya watu mchezaji wake anapotenda kosa. Mifano yangu nitaitoa vyuo vya Marekani, huko alikopita Hasheem Thabeet wetu kabla ya kuwa mchezaji wa pili kuchaguliwa na timu za NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa, mwaka 2009. Sikuichagua kwa sababu wale ni wema kutushinda. Kule kocha wa chuo huwekewa vipaza sauti kila wiki na kila neno lake huhifadhiwa, kwa hiyo tunaweza kumsikiliza vizuri. Tena katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha wa chuo. Anampita gavana. Kwa hiyo kijana akiharibu, anayetafutwa na waandishi ni kocha, mkuu wa chuo baadaye.

Twende chuo kikuu cha Ohio State, kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mikononi. Kocha Jim Tressel, mtu wa fulana ya sweta na tai, mpole, mcha Mungu. Desemba 2010 ikabainika wachezaji wake 5, akiwemo nyota wao Terrelle Pryor, walikuwa wameuza pete za ubingwa, jezi na vitu vingine vya timu, na wengine wakapunguziwa bei ya kuchorwa tatuu. Leo mchezaji wa chuo anaruhusiwa kujipatia fedha kwa jina na sura yake, tangu Julai 2021, na vijana wa siku hizi wakisikia kisa hiki wanashangaa kosa lilikuwa wapi. Wakati ule lilikuwa kosa. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikawafungia mechi 5 za mwanzo wa msimu wa 2011, lakini ikawaacha wacheze Sugar Bowl, mechi kubwa ya kufunga msimu, mwezi wa Januari. Tressel akaongeza sharti lake: anayetaka kucheza Sugar Bowl aahidi kwanza kwamba atarudi msimu ujao kuitumikia adhabu. Ukisikia hivyo unasema, huyu ni mlezi.

Kumbe mwenyewe alikuwa anajua tangu Aprili 2010. Mwanasheria mmoja alimwandikia barua pepe, naye akajibu, kisha akakaa kimya. Septemba akatia sahihi fomu ya chama kwamba hana habari ya ukiukwaji wowote. Yaani alipokuwa anawafundisha vijana kusema "nimevunja", yeye alikuwa na kigae mfukoni. Machi 2011 chuo kikaitisha waandishi, kikamfungia mechi 2 na kumtoza dola 250,000. Mkuu wa chuo, Gordon Gee, akaulizwa kama aliwahi kufikiria kumfukuza kocha. Akajibu kwa mzaha kwamba yeye anachoomba ni kocha asimfukuze yeye. (Kicheko.) Ndiyo, chekeni, ila mzaha ule ulieleza mamlaka yalikuwa wapi kuliko katiba ya chuo. Tressel alijiuzulu tarehe 30 Mei. Pryor akaondoka mwezi uliofuata, ile ahadi ikabaki hewani.

Kisa hiki ni chepesi kwa sababu hakuna aliyeumizwa mwili. Kinachofuata kina uzito.

Chuo kikuu cha Nebraska, mpira uleule wa Kimarekani, Septemba 1995. Kocha Tom Osborne, mtu anayeheshimiwa mpaka baadaye akachaguliwa kuwa mbunge wa taifa. Mchezaji wake Lawrence Phillips aliingia usiku katika nyumba aliyokuwemo msichana aliyekuwa mpenzi wake, akampiga, akamburuza kwenye ngazi. Osborne alimwondoa Phillips, kisha akamrudisha baada ya kukosa mechi 6. Hakujificha. Alisimama akaeleza sababu: huyu kijana amekua bila wazazi wa kumlea, amelelewa kwenye makao ya watoto, na kitu pekee kinachomshikilia ni mpira. Tukimnyang'anya huo, tunampoteza.

Mimi siwezi kumcheka Osborne. Nadhani kila kocha humu ndani ana Phillips wake, yule kijana ambaye ukimfungia lango la kiwanja unajua anakoelekea. Wahenga wamesema mtoto akikunyea kiganjani hukikati kiganja. Sawa. Lakini kama amemnyea mgeni, unaanza kumsafisha nani? Yule msichana alikuwa naye mwanafunzi. Naye alikuwa ana mzazi aliyemkabidhi kwa chuo. Katika hoja yote ile ya kocha kuhusu malezi, utaratibu na kumnusuru kijana, msichana yule ndiye aliyekuwa nje ya mlango. Phillips alirudi, Januari 1996 akakimbia yadi 165 na kufunga mara 3 katika fainali waliyoifunga Florida 62 kwa 24. Waliokuwa na mashaka wakasema: mmeona sasa kwa nini alirudishwa? Hata kama Osborne alisema kweli kutoka moyoni, na mimi naamini alisema kweli, kombe lilishamharibia ushahidi wake. Phillips aliishia gerezani kwa makosa mengine ya ukatili, kifungo cha zaidi ya miaka 31, akafia humo Januari 2016 akiwa na miaka 40.

Miaka kama 20 baada ya kisa kile cha Nebraska, chuo kikuu cha Oklahoma. Joe Mixon alimpiga ngumi mwanafunzi wa kike mwaka 2014 hadi kumvunja mifupa ya uso. Kocha Bob Stoops akamfungia msimu mzima, kisha akamrudisha. Desemba 2016 mkanda wa video ukatolewa hadharani, nchi nzima ikaona. Stoops akakiri kwamba kwa nyakati hizi adhabu inayowezekana ni kufukuzwa tu. Lakini uongozi ulikuwa umeshauona mkanda ule tangu mwanzo! Ngumi haikuongezeka uzito kati ya 2014 na 2016. Kilichoongezeka ni watazamaji. Ukitaka kujua adhabu uliyotoa ni ya haki, jiulize kama ungeitoa hiyohiyo mbele ya watu milioni.

Sasa msinione nawasema watu wa mbali tu. Na mimi nina kikombe changu. Zamani, nikifundisha timu ya chuo kimoja, kiungo wangu alimzaba kibao mshika kibendera baada ya mechi. Redio ya pale mjini ikanifuata. Nikasema, kwa sauti ya kiungwana kabisa: "Kulitokea sintofahamu kidogo, tumeimaliza kifamilia." Sintofahamu! Kofi lina mkono, mkono una mwenyewe, mimi nikaligeuza kuwa hali ya hewa. Yule mshika kibendera alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alinisikia akiwa nyumbani kwake na sikio limevimba. Wiki iliyofuata tukakutana sokoni. Akaniamkia vizuri tu, akasema: "Mwalimu, ile sintofahamu yako bado inaniuma." (Kicheko kirefu.) Ile familia niliyoimalizia jambo, yeye hakuwamo.

Niwape sasa aliyefanya vizuri, ingawa si kwa ukamilifu, na ndiyo maana nampenda. Machi 2024, Greenville, fainali ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, mpira wa kikapu wa wanawake: chuo kikuu cha South Carolina na LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Zimebaki dakika 2 na kidogo. Vurugu inazuka, Kamilla Cardoso wa South Carolina, msichana mrefu wa Kibrazili, anamsukuma Flau'jae Johnson wa LSU hadi chini. Kaka yake Johnson anaruka meza ya waamuzi na kuingia kiwanjani, anakamatwa. Cardoso anatolewa. South Carolina wanashinda 79 kwa 72, hawajafungwa msimu mzima.

Kocha Dawn Staley anawekewa kipaza sauti palepale, jasho halijakauka, kombe liko pembeni. Mtu mwingine angeanza na kombe. Yeye alianza kwa kuomba radhi. Msikilize vizuri: hata yeye hakuepuka ule mlango wa nyuma, alisema joto likipanda katika fainali mambo kama haya hutokea. Nilipomsikia nikasema, haya, kikombe hicho. Lakini hakukaa hapo. Akaomba radhi kwa sehemu ambayo timu yake ilichangia. Sehemu yetu sisi. Hakungoja kamati, hakungoja mwanasheria, hakusema wenzetu ndio walioanza, na ubishi wa nani alianza ulikuwepo. Upande wa pili kocha wa LSU, Kim Mulkey, alisema hakuna anayependa kuona hayo, halafu akaongeza kwamba angependa Cardoso amsukume Angel Reese, mchezaji mwingine wa LSU, mrefu kwa mrefu. Waandishi walifurahi. Mimi kama mwalimu sikujua kijana anayemsikia anajifunza nini pale, labda kuchagua wa kumsukuma.

Cardoso mwenyewe aliomba radhi siku hiyohiyo. Akakosa mechi ya kwanza ya mashindano ya taifa, akarudi, timu ikamaliza na ushindi 38 bila kufungwa, naye akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Kuna mkono umenyooshwa pale. Ndiyo, mwalimu. Anauliza: je, kama jambo liko polisi na halijathibitishwa? Swali zuri, na huko Marekani makocha hulijibu kwa kujikinga na sheria. Kuna sheria ya 1974 inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi, basi utasikia kila mwaka: "Amesimamishwa kwa kukiuka kanuni za timu." Kanuni ipi? Kimya. Kuchelewa mazoezini na kumpiga mtu vinavaa kanzu moja. Sheria inalinda faili la mwanafunzi, na ni haki yake, hujui bado kama ana hatia. Ila haikukatazi kusema wewe umefanya nini. "Nimemweka pembeni mpaka uchunguzi uishe. Nilipata habari Jumanne usiku, Jumatano asubuhi nikaipeleka kwa uongozi. Aliyeumizwa, tunamwomba apewe nafasi apone." Hapo hujamhukumu mtu, na kila tendo lina mwenyewe.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama kwa jicho lile. Kabla ya chai tufanye zoezi. Nyota wenu amempiga mhudumu wa baa usiku wa kuamkia fainali, mna redio mbili mlangoni na dakika 2. Andikeni sentensi 3 mtakazosema. Kisha kila mmoja ampe karatasi jirani yake, jirani apige mstari chini ya kila "imetokea", "kumejitokeza" na "sintofahamu". Na aangalie kama yule mhudumu yumo katika sentensi hata moja. Kalamu ziko kwa dada pale mlangoni.