4294967297: Namba Iliyomponyoka Fermat

Karibuni. Namba yetu ya leo ni 4294967297, bilioni nne na ushei. Zidisha 2 kwa 2 mpaka mbili zifike 32, kisha jumlisha 1, utaipata.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyefanya hisabati kwa mapenzi tu, alikuwa akizitazama 3, 5, 17, 257 na 65537. Kila moja ni 2 kwa kipeo fulani, jumlisha 1. Vipeo vyenyewe ni 1, 2, 4, 8 na 16. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akaamini kwamba mfuatano huo utazaa tasa milele. Inayofuata, ya kipeo cha 32, ndiyo hii yetu. Kuihakiki kwa nguvu tupu ni kuigawanya kwa kila namba tasa iliyo chini ya 65536, nazo ziko 6542. Kwa kalamu ya manyoya! Simlaumu sana.

Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, alipita njia nyingine. Mwaka 1732 alitangaza kwamba namba hii ni 641 × 6700417. Baadaye akathibitisha kwamba kigawo tasa chake chochote, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Chekecheni tasa zote kwa sharti hilo, zinazotangulia ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu, na kazi imekwisha.

Lakini ninachokipenda zaidi ni hiki, maana hakuna kugawanya kokote. Itazameni 641 kwa sura mbili: ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Sura ya kwanza inasema kwamba 5 × 2⁷, ikigawanywa kwa 641, imepungukiwa na 1. Tuseme baki ni −1. Ipandisheni kwa kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1, kwa kuwa hasi nne zikizidishana huwa chanya. Sasa ije sura ya pili: mbele ya 641, 5⁴ ni sawa na −2⁴. Badilisheni. Tunapata −2³², nayo bado inabakiza 1. Basi 2³² inabakiza −1, na 2³² + 1 haibakizi kitu.

Mtu ataniuliza: je, zile tano za Fermat zenyewe haziwezi kuigawanya? Haziwezi. Zizidisheni zote pamoja, mtapata 4294967295, pungufu ya namba yetu kwa 2 kamili. Tasa inayogawanya zote mbili ingelazimika kuigawanya 2, na zile tano ni witiri zote. Hata baada ya Euler, mfuatano huo haujampa mtu yeyote tasa ya sita.