Nukta Nyekundu Imegonga Nini?

Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi, Arusha

Marahaba, marahaba. Kaeni. Kabla sijasema mengi naomba vijana wawili mbele. Wewe shika futi, mwenzako ashike hiki kipimo cha leza, kinachopima kwa nukta nyekundu ya mwanga. Nipimieni ukumbi huu, ukuta hadi ukuta.

(Wanapima.)

Futi inasema mita 14.74. Leza inasema 14.62. Nani mwongo?

Naona wengi mnainyooshea kidole futi, masikini, kwa vile imechakaa. Futi haina kosa. Jana usiku nilikipanga hiki kifaa kianze kuhesabu kwenye pua badala ya kitako. Kijana wetu ameegemeza kitako ukutani, kama tunavyofanya wote, na mwili wa kifaa una sentimita 12. Mimi somo hili lilinitoa jasho. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikata vyuma sita vya paa la karakana moja kule Moshi, na vyote vikapungua sentimita hizo hizo. Fundi mkuu hakunigombeza. Alinisogezea mashine ya kuchomelea, akasema, "Unga." Niliunga siku mbili.

Sasa, leza inajuaje umbali? Mwanga unakwenda mita 299,792,458 kwa sekunde. Kutoka Moshi hadi hapa ni kama kilomita 80. Nyinyi mnaopanda basi mnajua safari hiyo inavyokula muda. Mwanga ungeimaliza kabla theluthi ya milisekunde haijaisha. Kwa nanosekunde moja, yaani sekunde moja uliyoigawa mara bilioni, unakwenda sentimita 30. Kwa kuwa lazima uende na kurudi, saa ikikosea nanosekunde moja, kipimo chako kimekosea sentimita 15. Ukitaka milimita moja unahitaji saa ya kuhesabu nanosekunde iliyogawanywa tena zaidi ya mara mia.

Kwa hiyo kuhesabu muda moja kwa moja kunafaa zaidi palipo na umbali mkubwa, mfano winchi za bandarini. Hata Mwezi unapimwa hivyo: wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo kule mwaka 1969, na mwanga unaotumwa hurudi baada ya sekunde mbili na nusu hivi.

Hiki cha mkononi mara nyingi kina ujanja mwingine. Chukua ngoma, simama mbele ya genge la mwamba, piga kwa mdundo usiobadilika. Mwangwi utarudi katikati ya pigo na pigo. Ukisikiliza umechelewa kiasi gani baada ya pigo, umeujua umbali bila kuwa na saa kali. Leza nayo inapigapiga mwanga wake, tuseme mara milioni 100 kwa sekunde. Mdundo huo unajirudia kila mita 1.5 ya umbali, na kuigawa mita moja na nusu vipande elfu si kazi ngumu kwa elektroniki ya leo. Ila kuna mtego: mwangwi unaousikia ni wa pigo hili, au wa pigo la tatu nyuma? Ndiyo maana kifaa hubadilisha midundo, wa haraka na wa polepole, kisha kinalinganisha majibu.

Njia ya tatu ya kupima ni ya pembetatu, kwa umbali wa karibu: mwanga unatoka huku, jicho limekaa pembeni, nukta ikisogea jicho linaona pembe imebadilika. Hiyo inafika mikroni, yaani milimita moja uliyoigawa mara elfu. Tutairudia karakana.

Nisikilizeni hapa vizuri. Umbali wa mwisho ulioandikwa kwenye boksi kwa kawaida ulipimwa kwa shabaha nyeupe. Mpira mweusi wa tairi unameza karibu mwanga wote. Tangi la chuma king'aacho linaurusha pembeni kama kioo. Maji masafi yanaupitisha. Namba kwenye skrini ni umbali wa kitu kilichorudisha mwanga, basi. Kama ndicho ulichokusudia kupima, hilo ni juu yako.

Kuna kinu kimoja cha nafaka niliitwa usiku. Sensa ya leza, yaani kifaa cha kuhisi, ilikuwa imefungwa juu ya ghala la pumba, inatazama chini, ghala likijaa izime mkanda wa kupandishia. Nikakuta mkanda unawaka na kuzimika, unawaka na kuzimika, na mota imepata moto hutaki kuigusa. Nikapanda ngazi. Pumba ilipoanza kumwagika vumbi lilipanda kama moshi wa jikoni, sensa ikaliona vumbi mita moja na nusu mbele yake, ikasema limejaa. Mkanda ukazima, vumbi likatua, sensa ikasema mita tisa. Mkanda ukawaka. Isitoshe, pumba ikimwagwa inakaa kama kichuguu, na ile nukta inapiga sehemu moja tu: kileleni utadhani ghala limejaa, ubavuni utadhani bado.

Mzee wa ghala alikuwa na kamba yenye jiwe na mafundo. Aliiteremsha upande wa katikati, akaiteremsha tena pembeni, akaniambia kiasi kilichomo bila kutazama skrini.

Tulifunga rada, inayopima kwa mawimbi ya redio, mahali pale, maana mawimbi yake ni marefu zaidi na hayashtuki na vumbi kama mwanga. Leza tuliishusha chini, ipime mifuko inapopita kwenye mkanda, hewa safi, karatasi nyeupe. Huko inafanya kazi bila neno.

La macho: hivi vya nukta nyekundu vingi ni daraja la 2 la usalama wa leza, chini ya miliwati moja, na kope hufunga ndani ya robo sekunde. Hiyo si ruhusa ya kushindana kukodolea.

Haya, rudisheni mpangilio kwenye kitako tupime tena. Na wewe wa shati la bluu, nimeuona mkono wako tangu kwenye ngoma. Uliza.