Tuchimbe hadi wapi? Mhadhara kuhusu uchukuaji na upimaji wa udongo, Lubumbashi

Mabibi na mabwana, walimu wangu, nanyi wanafunzi ambao kesho asubuhi mtashika jembe na mfuko,

Nimeombwa nieleze jinsi ya kuchukua na kupima udongo kwa utaratibu mmoja, ili matokeo yetu yaweze kuwekwa kando ya yale ya Kolwezi, ya Bukavu au ya nchi za mbali. Nitaanza na swali ambalo wengi hulipita haraka: tuchimbe hadi wapi?

Jiji letu limekua kandokando ya kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza kazi mwaka 1911. Kwa miongo mingi upepo wa kusini-mashariki uliusukuma moshi wake kuelekea eneo la Penga-Penga, na vumbi lenye shaba, zinki, risasi na kadimiamu likatua huko. Kwa kuwa vumbi hilo lilishuka kutoka hewani, mahali ambapo ardhi haijalimwa limejaa zaidi katika sentimita chache za juu. Chukueni mfano wa hesabu, ambao nimeutunga kwa ajili ya somo hili: sentimita 5 za juu zina miligramu 1,000 za shaba katika kila kilo ya udongo, na sentimita 15 zinazofuata zina miligramu 100. Aliyekomea sentimita 5 ataandika 1,000. Aliyechimba hadi 20 na kuchanganya vyote ataandika 325, ikiwa udongo umeshindiliwa sawasawa juu hadi chini. Wote wawili wamepima vizuri, lakini msomaji asiyeambiwa kina ataamini kwamba kiwanja kimoja kimechafuka mara tatu kuliko kingine, na mama anayelima lengalenga (mchicha) hapo atapewa ushauri kulingana na karatasi iliyomfikia.

Kwa hiyo kina kiamuliwe kabla ya kwenda shambani, na kifuate swali tunalouliza. Anayetafuta vumbi la kiwanda atenge tabaka la juu peke yake. Anayehesabu kaboni kwa ajili ya tabianchi afike sentimita 30, kina ambacho jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, limekifanya kuwa cha kawaida, tena apime uzito wa udongo mkavu katika ujazo unaojulikana, kwa sababu bila uzito huo asilimia ya kaboni haiwezi kugeuzwa kuwa tani kwa hekta.

Jambo la pili ni vichuguu. Ninyi nyote mmekulia karibu navyo, na wengi wenu mnalala katika nyumba za matofali yaliyofyatuliwa kutokana navyo. Udongo wa kichuguu kikubwa una mfinyanzi na chokaa zaidi, na tindikali yake ni ndogo kuliko ya ardhi inayokizunguka. Koleo moja la kichuguu likiingia katika ndoo ya mchanganyiko, sampuli nzima inapoteza maana. Kipimwe peke yake, na mahali pake paandikwe.

Nisisitize pia vyombo, maana hapa kwetu tunapima metali. Ndoo ya bati lililopakwa zinki huongeza zinki, na chekeche lililotengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki huacha chembe zake katika udongo ule ule tunaoutafutia shaba. Tumieni ndoo ya plastiki na chekeche la nailoni lenye matundu ya milimita 2. Udongo ukaushwe hewani kivulini, usianikwe kando ya barabara ya vumbi.

Maabara nayo ina lugha yake. Niliwahi kupeleka mifuko miwili ya udongo mmoja katika maabara mbili; moja ikanijibu pH, yaani kipimo cha tindikali, 5.4, nyingine 4.5. Siku mbili nilitafuta kosa, mpaka nikagundua kwamba ya kwanza ilipima katika maji na ya pili katika kloridi ya potasiamu, ambayo kwa kawaida hutoa namba ya chini. Kaboni ina mtego wa namna hiyo: njia ya kuipima ya Walkley na Black ya mwaka 1934 hukamata wastani wa asilimia 77 tu ya kaboni iliyomo, ndiyo maana jibu huzidishwa kwa 1.3, na maabara isiyosema kama imezidisha hutuacha gizani. Mtandao wa maabara za udongo GLOSOLAN, ulioanzishwa mwaka 2017 chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huandaa taratibu za pamoja na majaribio ambamo maabara nyingi hupima udongo mmoja na kulinganisha majibu. Ningependa sana maabara zetu zishiriki.

Kesho, basi, kila sampuli iwe na karatasi mbili zilizoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye unyevu: moja ndani ya mfuko wa pili unaofunika ule wenye udongo, nyingine nje. Andikeni mahali, tarehe, kina, na jina la aliyechimba. Tukishakausha na kuchekecha, nusu itapelekwa maabara na nusu tutaihifadhi hapa katika chupa zilizofungwa vizuri, ili atakayetilia shaka namba zetu miaka kumi ijayo apate udongo wenyewe wa kupima upya.