Sabuni Iliyorudi na Mimi

Mwangaluka, ndugu zangu.

Mnaikumbuka Machi 2020, korona ilipoingia? Hapa Mwanza, kuanzia Kirumba mpaka Mkuyuni, kila duka liliweka ndoo ya koki mlangoni. Hujanawa, huingii. Siku hizo nilikwenda gereza moja la kanda hii nikiwa na mfuko: sabuni za vipande, pedi, na dawa za presha za mama mmoja mahabusu. Getini askari akaniambia, kwa upole kabisa, "Dada, kutembelea kumesimamishwa." Mfuko nikarudi nao.

Kuzuia wageni wakati wa mlipuko kuna maana yake, sibishi. Lakini kwa wengi walio ndani, sabuni huletwa na ndugu. Pedi pia. Serikali ikimzuia ndugu, nayo isiweke sabuni, imemwamuru mwanamke anawe huku imemnyima cha kunawia. Kaa mbali na mwenzako: wapi, wakati mmelala mgongo kwa mgongo? Ukipata homa wahi zahanati: ufunguo anao askari. Na wapo wanaonyonyesha mlemle ndani.

Tusiseme ni umaskini tu. Huko Marekani, mfungwa mjamzito wa miaka 30 alihamishiwa gereza la Texas mwezi huohuo wa Machi. Aprili 1 alijifungua kwa upasuaji akiwa kwenye mashine ya kupumulia. Aprili 28 akafariki kwa korona. Kifungo chake kilikuwa miezi 26, kwa kosa la dawa za kulevya.

Kanuni za Umoja wa Mataifa zipo. Zile za Bangkok za 2010, za wafungwa wanawake, zinataka taulo za kike bure na maji ya uhakika, hasa kwa wajawazito, wanaonyonyesha na walio hedhini. Za Mandela za 2015, za wafungwa wote, zinataka matibabu ya kiwango kilekile cha uraiani. Anayemfungia mtu mlango amebeba afya yake, na deni hilo huwezi kumtupia shangazi mwenye mfuko getini.

Sikukuu ya Muungano mwaka ule Rais Magufuli alisamehe wafungwa 3,973. Niliwafurahia sana. Ila msamaha wa rais ni wa waliohukumiwa. Mahabusu, ambaye mahakama haijasema ana hatia, haumgusi. Yule mama wa dawa za presha akabaki.

Alipotoka, kesi imefutwa, alinisimulia walivyokuwa wakikata mche wa sabuni kwa uzi wa kanga, watu sita. Akanionyesha fungu lake: kuanzia ncha ya kidole mpaka pingili ya kwanza. La kuoga, kufulia na kunawia korona, kwa wiki.